Dungeon Master's Guide kwenye mizani: jasho la pambano na ujira wake

Kitabu cha Dungeon Master's Guide, yaani mwongozo wa msimamizi anayeongoza meza, cha mchezo wa kuigiza wahusika wa D&D kimebeba mambo mengi: ramani za ulimwengu, miungu, mitego, vifaa vya uchawi. Lakini msimamizi anayeandaa tukio la muda wa saa 4 kwa wachezaji wanne au watano anakifungua akitafuta majibu ya maswali mawili. Pambano hili ni gumu kiasi gani? Na wakishinda, niwape nini? Tathmini hii inapima majibu hayo mawili tu, kwenye toleo la 2014 lenye kurasa 320 na toleo la Novemba 2024 lenye kurasa 384. Toleo la 2014 lina hesabu nzuri ambayo wasimamizi wengi huisoma nusu. La 2024 limeirahisisha hesabu hiyo mpaka limetupa kipande kilichokuwa na thamani kuliko vyote.

Tuanze na la 2014, ukurasa wa 82. Kila mhusika, kwa ngazi aliyofika, ana namba nne za pointi za uzoefu, yaani XP: pambano jepesi, la wastani, gumu, na la kufisha. Mhusika wa ngazi ya 3 ana 75, 150, 225 na 400. Zidisha kwa idadi ya wachezaji. Wakiwa wanne unapata 300, 600, 900 na 1,600. Kisha jumlisha XP za maadui. Kila adui ana kiwango cha ukali, kinachoandikwa CR, na kila CR ina XP zake: CR 1/4 ni 50, CR 1/2 ni 100, CR 1 ni 200, CR 2 ni 450, CR 4 ni 1,100. Mwisho, jumla hiyo inazidishwa kwa wingi wa maadui. Mmoja hazidishwi. Wawili ni mara 1.5, watatu hadi sita mara 2, saba hadi kumi mara 2.5, kumi na mmoja hadi kumi na wanne mara 3, kumi na tano kwenda juu mara 4. Meza ya wachezaji chini ya watatu inapanda daraja moja la kuzidishia, na meza ya sita au zaidi inashuka daraja moja.

Sababu ya kuzidisha ni ya msingi. Kinachoua katika mchezo huu ni idadi ya mashambulizi yanayorushwa kabla zamu haijakurudia, na kundi linarusha mengi kuliko adui mmoja mwenye XP zilezile.

Sasa liangalie hilo kwa karibu. Wahusika wanne wa ngazi ya 3 wanakutana na goblini wanane, viumbe wadogo wa pangoni wa CR 1/4. XP 400, mara 2.5, inakuja 1,000: pambano gumu. Siku nyingine wanakutana na ettin, jitu la vichwa viwili, CR 4, XP 1,100, liko peke yake: nalo ni pambano gumu. Kwenye karatasi mizani imelala sawa. Mezani hali ni nyingine kabisa. Goblini anarusha dadu ya pande 20 akiongeza 4, na akimpata mtu anamtoa wastani wa pointi 5.5 za uhai. Mchawi wa ngazi ya 3 mwenye deraya 12, yaani namba ambayo dadu pamoja na nyongeza lazima viifikie ili apatikane, anapatikana kwa asilimia 65, na uhai wake ni kama 20. Goblini wanane wakimlenga yeye kwa mishale, wanamtoa wastani wa pointi 28 katika raundi moja, yaani mzunguko ambao kila mmoja anapata zamu moja. Amelala chini kabla hajafungua mdomo. Ettin lenyewe lina mapigo mawili kwa zamu, kila pigo wastani wa 14, na dhidi ya mpiganaji mwenye deraya 16 linapata kwa asilimia 60. Hiyo ni wastani wa 17 kwa raundi dhidi ya mtu mwenye uhai 28. Raundi ya kwanza anasimama, wenzake wanapata nafasi ya kupanga.

Kwa hiyo msimamizi anayetumia goblini wanane asiwaache wote wamlenge mtu mmoja katika raundi ya kwanza. Awagawe: watatu juu ya mwamba na pinde, watano wakiingia kwa panga. Goblini ni waoga kwa tabia, wana uwezo wa kujificha au kujiondoa kwenye mapigano kila zamu, na kuwachezesha hivyo kunapunguza makali bila kugusa namba hata moja.

Ila kasoro kubwa zaidi iko kwenye ujira. Ile namba ya kuzidishia inapima ugumu tu. Haiingii kwenye malipo. Goblini wanane wanalipa XP 400 halisi, yaani 100 kwa kila mchezaji. Ettin linalipa 1,100, yaani 275. Jasho ni la daraja moja, ujira unakaribia mara tatu. Wachezaji hawahitaji kusoma kitabu kulijua hili. Baada ya matukio mawili au matatu wanaanza kukwepa makundi na kuwinda majitu ya peke yake, na msimamizi anabaki kujiuliza kwa nini hakuna anayetaka kuingia kwenye pango la goblini.

Dawa imo ndani ya kitabu kilekile, sehemu nyingine. Toleo la 2014 linaruhusu changamoto isiyo ya kupigana ilipwe XP kama pambano la ugumu huohuo, ilimradi kulikuwa na hatari ya kweli ya kushindwa. Basi goblini wanane wawe na mateka watatu, na kuwatoa hai kuhesabiwe changamoto ya wastani, XP 600. Mia nne za goblini na mia sita za mateka ni 1,000, sawasawa na namba ile uliyoipata baada ya kuzidisha. Sasa kundi linalipa kulingana na hatari yake, na zaidi ya hapo wachezaji wana sababu ya kuingia pangoni isiyokuwa kuua.

Kuna sentensi moja katika sehemu hiyo inayoharibu hesabu za wengi. Kitabu kinasema usiwahesabu, unapotafuta namba ya kuzidishia, maadui ambao CR yao iko chini sana ya wastani wa wenzao, isipokuwa ukiona wanachangia sana ugumu. Chini kiasi gani? Hakisemi. Chukua ettin na goblini watatu: XP 1,250. Ukihesabu wote wanne unazidisha mara 2, unapata 2,500, zaidi ya mara moja na nusu ya mpaka wa kufisha. Ukiwaacha goblini nje ya hesabu, unabaki na 1,250, pambano gumu la kawaida. Pengo la mara mbili limetokana na neno moja lisilo na kipimo. Njia inayofaa ni kuuliza: adui huyu mdogo anaweza kumpata mtu mwenye deraya kubwa kuliko wote mezani? Goblini mwenye nyongeza ya 4 dhidi ya deraya 18 anahitaji 14 au zaidi kwenye dadu, asilimia 35. Huyo anachangia, mhesabu. Kwa ngazi za 1 hadi 4 wahesabu karibu wote.

CR yenyewe nayo haiaminiki kila mahali, na hapa kitabu kinastahili sifa kwa kukiri. Kinaonya wazi kwamba zimwi la CR 2 linaweza kumuua mchawi wa ngazi ya 1 kwa pigo moja. Tuifanye hesabu hiyo. Rungu la zimwi ni dadu 2 za pande 8 ukiongeza 4. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye uhai 8 anakufa papo hapo, bila kuangukia hatua ya kuokolewa, akipigwa 16 au zaidi, kwa sababu kinachobaki baada ya kufika sifuri kinalingana na uhai wake mzima. Dadu mbili za pande 8 zinafika 12 au zaidi mara 15 kati ya 64. Yaani karibu pigo moja kati ya manne linalompata linamaliza mhusika ambaye mchezaji wake ameketi kitini dakika 20 tu. Kwa tukio lenye wageni wa mchezo, anza na ngazi ya 3, au liache zimwi nyumbani.

Mfano mbaya zaidi ni kivuli, yule adui wa giza wa CR 1/2. XP 100, uhai 16, anaonekana mnyonge. Vivuli vinne dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya 3 ni 400 mara 2, yaani 800: pambano la wastani. Lakini kila kivuli kinachokupata kinapunguza Nguvu yako kwa dadu ya pande 4, hakuna dadu ya kujiokoa, na Nguvu ikifika sifuri umekufa. Mchawi wa kawaida ana Nguvu 8. Vivuli vinne vikimzunguka, wastani wa raundi mbili unatosha, hata kama uhai wake umejaa. Silaha zisizo na uchawi zinavidhuru nusu tu. Jedwali halioni lolote kati ya hayo, kwa kuwa linapima uhai na madhara ya kawaida. Kabla ya kumweka adui yeyote mezani, soma mistari yake ukitafuta vitu vitatu: kinachoua bila kupitia uhai, kinachomnyima mtu zamu yake, na kinachozuia silaha za kundi hilo. Ukikuta kimoja, panda daraja moja la ugumu. Ukikuta viwili, badilisha adui.

Hayo yote ni ya pambano moja. Kiini cha toleo la 2014 kiko ukurasa wa 84, na ndicho kinachorukwa mara nyingi: bajeti ya siku. Ngazi ya 1 ni XP 300 kwa mhusika, ngazi ya 2 ni 600, ya 3 ni 1,200, ya 4 ni 1,700, ya 5 ni 3,500. Hicho ndicho kundi linachoweza kubeba kati ya pumziko refu moja, yaani usingizi unaorudisha uhai na uchawi, na jingine, pamoja na mapumziko mafupi mawili njiani. Kitabu kinakadiria mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kwa siku. Majina yote ya ugumu, jepesi mpaka la kufisha, yametungwa yakitegemea siku hiyo ndefu.

Ondoa siku, na majina hayo yanapoteza maana. Mchawi wa ngazi ya 5 ana nafasi mbili za uchawi wa daraja la 3, yaani anaweza kuurusha mara mbili tu kabla ya kulala. Mpira wa moto mmoja ni dadu 8 za pande 6, wastani wa 28, kwa kila aliye ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 20. Akijua kuna mapambano sita mbele yake, anafikiri mara mbili kabla ya kuurusha. Akijua ni pambano moja kisha wote wanalala, anarusha miwili katika raundi mbili, na pambano lako gumu limegeuka majivu. Mpiganaji na mwizi, ambao nguvu zao hazipungui siku nzima, wanakaa kutazama. Malalamiko kwamba wachawi wa D&D wamezidi nguvu, kwa sehemu kubwa, yanatoka kwenye meza zinazopigana mara moja kwa siku.

Tatizo la tukio la saa 4 ni kwamba mapambano sita hayaingii. Raundi moja ya watu wanne pamoja na maadui huchukua dakika 8 hadi 10, pambano la raundi nne ni dakika 40. Mapambano matatu ni saa 2, na muda uliobaki ni wa maongezi, upelelezi, chai, na mtu anayetafuta penseli. Kitabu hakikupi ratiba ya hali hii, lakini hesabu zake zinakubali kupangwa. Huu hapa mpango unaokaa vizuri kwa wahusika wanne wa ngazi ya 3, bajeti ya siku ikiwa 4,800.

Pambano la kwanza: goblini watano, 250 mara 2, yaani 500, jepesi. Kazi yake ni kunyonya nafasi moja au mbili za uchawi na kuwafundisha wageni jinsi zamu zinavyokwenda. La pili: mazimwi mawili, 900 mara 1.5, yaani 1,350, gumu. Kisha pumziko fupi la saa 1, na msimamizi aseme wazi kwamba pumziko la pili halitakuwepo na kulala usiku hakutawezekana: mwezi unachomoza, mateka wanahamishwa, mto unajaa, chochote kinachokwenda na wakati. Pambano la mwisho: ettin na zimwi moja. Wakianza pamoja ni 1,550 mara 1.5, yaani 2,325, mbali juu ya mpaka wa kufisha, na kundi lililochoka linaweza kufia hapo. Basi zimwi lianzie futi 160 mbali. Mwendo wake ni futi 40, likikimbia ni 80, hivyo linawafikia mwisho wa raundi ya 2 na kupiga rungu la kwanza raundi ya 3. Kundi la ngazi ya 3 hutoa madhara karibu 30 kwa raundi, na ettin lina uhai 85. Zimwi likifika, jitu limebakiwa na kama 25. Kitabu kina kanuni ya mapambano ya vipande kama haya: pima kila kipande peke yake, na jumla isizidi theluthi ya bajeti ya siku. Theluthi ya 4,800 ni 1,600. Ettin na zimwi ni 1,550. Umepita ukiwa na 50 mkononi.

Ujira wa mpango huo: 250, 900 na 1,550 ni XP 2,700. Ongeza changamoto moja ngumu isiyo ya kupigana, XP 900, kwa mfano kuvuka mto uliofurika pamoja na mateka. Jumla 3,600, kila mchezaji 900. Kutoka ngazi ya 3 kwenda ya 4 zinahitajika 1,800. Matukio mawili kamili, na hiyo ndiyo kasi ambayo kitabu kinaipendekeza kwa wanaopandisha ngazi kwa idadi ya vikao: kikao kimoja kufika ngazi ya 2, kingine ngazi ya 3, viwili zaidi ngazi ya 4, kisha viwili au vitatu kwa kila ngazi inayofuata. Ukiiacha ile changamoto ya mto, kila mtu anapata 675 na matukio yanakuwa matatu. Kazi isiyo ya kupigana si pambo la tukio. Bila hiyo hesabu ya kupanda ngazi haifungi.

Upande wa ngawira, toleo la 2014 ni zuri mwanzoni na linalegea baadaye. Jedwali la hazina kwa maadui wa CR 0 hadi 4, ukurasa wa 137, linatoa dadu 6 za pande 6 mara 100 za sarafu za shaba, dadu 3 mara 100 za fedha, na dadu 2 mara 10 za dhahabu. Kwa wastani ni sawa na sarafu 196 za dhahabu, bila vito na kazi za sanaa. Kitabu kinasema kampeni ya kawaida, yaani mfululizo mzima wa matukio, irushe jedwali hilo mara 7. Ukilinganisha na kasi ya vikao tuliyoitaja, kufika ngazi ya 5 ni vikao 6 au 7. Basi kanuni ya mkononi ni hazina moja kwa tukio, sarafu 49 kwa kila mtu katika meza ya wanne. Hazina saba ni sarafu 1,372 kwa kundi zima. Deraya kamili ya chuma peke yake ni 1,500. Uhaba huo ni mzuri: dawa ya kuponya ya sarafu 50, inayorudisha wastani wa pointi 7 za uhai, inabaki kitu cha kufikiriwa.

Ukivuka kwenda jedwali la CR 5 hadi 10, hazina moja inaruka hadi wastani wa sarafu 3,857, karibu mara 20, na jedwali hilo linarushwa mara 18. Wakati huohuo kitabu hakina soko la kueleweka la kuzitumia. Bei za vifaa vya uchawi ni masafa mapana, kifaa adimu kikiwa kati ya 501 na 5,000, na uadimu wenyewe haupimi nguvu. Fagio la kuruka na viatu vyenye mabawa viko daraja moja na tufe linalotoa mwanga. Mpe mtu wa ngazi ya 3 fagio hilo na nusu ya maadui wako wasio na pinde wamekwisha kazi. Zimwi litabaki kurusha mkuki likitazama juu. Kwa tukio la msimamizi, kila kifaa kinachoruhusu kuruka, kutoonekana, au kupita ukutani kihesabiwe daraja moja juu ya kilipoandikwa.

Sehemu ya ujira inayostahili kupendwa kuliko inavyopendwa ni ile ya malipo mengine, katika sura hiyohiyo ya 7: barua ya utambulisho, nishani, hati ya ardhi, cheo, mafunzo, baraka, na hirizi za muda ambazo nguvu yake huisha zikitumika. Kwa tukio la mara moja hizi ni bora kuliko upanga wa uchawi wa +1. Mchezaji anaondoka na kitu chenye jina, na msimamizi wa tukio lijalo harithi tatizo. Dawa za kuponya nazo zitolewe katikati, kabla ya pambano la mwisho. Zikitolewa mwishoni ni hesabu ya dukani. Zikitolewa dakika 30 kabla ya ettin, ni ujira na mizani kwa pamoja. Mbili zinatosha kwa watu wanne.

Toleo la 2024 limefuta pambano jepesi na kubakiza madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Kwa ngazi ya 3 namba ni 150, 225 na 400, zilezile za wastani, gumu na la kufisha za zamani, lakini namba ya kuzidishia imeondolewa. Unajumlisha XP za maadui, basi. Kwa adui mmoja au wawili wakali hesabu inatoka safi, na haraka yake inafurahisha: dakika moja badala ya tano. Kwa makundi imeharibika. Wale goblini wanane, XP 400, sasa wako chini hata ya daraja la chini, ambalo kwa wahusika wanne ni 600. Na daraja la juu, 1,600, linakuruhusu goblini 32. Kwa hesabu ya zamani hao ni 6,400, zaidi ya bajeti ya siku nzima. Kitabu kipya kinashauri kwamba wakizidi wawili kwa kila mhusika uchague maadui dhaifu wanaokufa haraka, na ushauri huo ufuatwe kama sheria. Uamuzi bora zaidi ni kuweka ukomo: maadui wasizidi mara moja na nusu ya idadi ya wachezaji, na baada ya hapo rudi kwenye namba za kuzidishia za 2014.

Bajeti ya siku haimo kabisa katika toleo jipya. Hilo ndilo pengo lisilosameheka. Msimamizi mgeni anayeanza na kitabu cha 2024 anaambiwa pambano moja lina ugumu gani, haambiwi kundi linabeba mangapi kabla ya kulala. Kwenye ujira, kinyume chake, limepiga hatua: vifaa vya uchawi vina bei moja kwa kila daraja la uadimu, sarafu za dhahabu 100, 400, 4,000, 40,000 na 200,000, na kuanzia ngazi ya 5 wahusika wana ngome zao za kujenga, hivyo dhahabu ina pa kwenda. Dawa ya kuponya sasa inanyweka kama kitendo cha ziada, juu ya kitendo kikuu cha zamu, na kuifanya ile zawadi ya katikati iwe na maana zaidi.

Anayetaka hesabu isiyoyumba aangalie pia Pathfinder toleo la pili, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo. Huko pambano la wastani kwa watu wanne ni pointi 80, kali ni 120, la kupindukia ni 160. Adui wa ngazi sawa na kundi ni 40, wa ngazi moja juu ni 60, mbili juu ni 80. Kupanda ngazi ni 1,000 siku zote, na hazina ya kila ngazi imeandikwa, 175 za dhahabu kwa ngazi ya 1. Hesabu zake zinashika mpaka ngazi za juu, na kanuni zote zinasomeka bure mtandaoni kwenye Archives of Nethys. Gharama yake ni sheria nyingi zaidi za kujifunza, jambo zito kwa tukio lenye wageni.

Kwa D&D, asiye na kitabu asikimbilie kununua. Kanuni za msingi za bure za toleo la 2014 zina jedwali la ugumu, na SRD 5.2 ya 2025, hati ya kanuni za msingi iliyotolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, ina bajeti ya pambano ya toleo jipya. Aliye na kitabu cha 2014 akitunze kwa kurasa za 82 hadi 84 peke yake, na akikopa bei za vifaa kutoka cha 2024 atakuwa na zana kamili.

Jambo la mwisho ni la mezani, pale hesabu inapokosea huku watu wamekaa. Usibadilishe dadu iliyokwisha kuanguka. Wachezaji huona, na wakishaona mara moja hawaamini ushindi wao tena. Badilisha uhai wa adui ndani ya dadu zake zilizochapwa. Zimwi limeandikwa 59, lakini dadu zake ni 7 za pande 10 ukiongeza 21, kwa hiyo zimwi halali lina kati ya 28 na 91. Amua kabla ya raundi ya 2 kwisha, andika namba kwenye karatasi yako, na usiiguse tena.